Siku ya Kumi Baada ya Kushonwa

Picha zinazozunguka kwenye simu huwa mbili: tumbo kabla ya upasuaji, tumbo baada. Kabla, ngozi imeanguka juu ya ukingo wa nguo ya ndani. Baada, gauni limekaa. Siku zilizo kati ya picha hizo hazipigwi picha na mtu, na ndizo zinazotuhusu sisi tunaoshika kisu. Wanawake wa Kasulu, huku Kigoma, na siku hizi hata wa Kibondo, hunionyesha picha hizo wakiwa wamekuja kwa jambo jingine kabisa. Mtoto ana homa, au mama mkwe presha imepanda, na shughuli ikishamalizika simu inatolewa kwenye mkoba: dokta, hii mnafanya hapa? Na kama ni Dar, nikishafanyiwa naweza kurudi na basi?

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, ingawa wanaouliza hudhani ni kinyume chake.

Tumbo tunalolizungumzia huku si kitambi. Kitambi kina wasemaji wake. Profesa Mohamed Janabi alipokuwa akiongoza Muhimbili aliwatia Watanzania wengi hofu ya viuno vyao, na kule Mloganzila huduma za puto la tumboni na za kupunguza mafuta kwa upasuaji zimekuwa zikitangazwa hadharani katika miaka hii ya karibuni. Sina ugomvi nazo. Ila mwanamke wa Makere, Heru Juu au Mabamba, anayelima muhogo na maharage kwenye miteremko na kurudi na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, mara nyingi hana mafuta ya kunyonywa. Alichonacho ni ngozi iliyovutwa mara nyingi kupita uwezo wake wa kurudi, na chini ya ngozi hiyo misuli iliyoachana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta mwanamke wa Kigoma anazaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Wastani huo unawajumuisha wenye wawili, kwa hiyo wenye tisa ni wengi, na ndio wanaonijia.

Mlaze chali kwenye kitanda cha uchunguzi, mwambie anyanyue kichwa bila kujisaidia kwa mikono. Katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kidari hadi kitovuni, linainuka tuta. Weka vidole juu yake: vinazama. Upande huu unagusa ukingo wa msuli mmoja, upande ule ukingo wa mwingine, na katikati hakuna kitu isipokuwa utepe mweupe uliotanuka ukawa mwembamba, na chini yake utumbo. Vidole viwili tunaviita mpaka wa kawaida. Kwa mama wa watoto wanane nimewahi kuingiza vinne bila kusukuma. Muulize sasa kilichomleta, hatataja gauni. Atasema kiuno kinakatika akiinama kupalilia, na akikohoa mkojo unatoka. Hilo la mkojo hulisema mwisho, akiwa ameshashuka kitandani na kuanza kufunga kanga.

Kule Norwei watafiti waliwafuatilia wanawake 300 waliojifungua kwa mara ya kwanza. Wiki 6 baada ya kujifungua, 60 katika kila 100 walikuwa na misuli iliyoachana. Baada ya mwaka mmoja bado walikuwa theluthi. Hao walizaa mtoto mmoja. Huku mwaka ukiisha, wengi huwa wanaelekea mimba nyingine, na utepe haujapata nafasi ya kukaza. Bibi zetu walijua kwamba tumbo la mzazi linahitaji kushikwa, ndiyo maana mzazi hukandwa maji ya moto na kufungwa kanga kwa siku nyingi. Kufunga kunampa nafuu: anatembea vizuri, anacheka bila maumivu. Kwamba kunaunganisha misuli, ushahidi haupo wa kutosha, na mimi sijauona kwa macho yangu. Mazoezi ya taratibu ya misuli ya ndani na ya nyonga yana faida iliyo wazi zaidi, hasa kwa mkojo, na hayana gharama. Shida yake ni kwamba hayana picha ya kabla na baada.

Upasuaji wenyewe, huu wa kukunja tumbo, si mpya. Howard Kelly wa Baltimore aliandika juu ya kukata ngozi na mafuta ya tumbo mwaka 1899, na Ivo Pitanguy wa Brazil ndiye aliyeshusha mkato chini kwenye mstari wa nguo ya ndani katika miaka ya 1960, mahali unapokatwa hadi leo. Ngozi inachanwa toka nyonga hadi nyonga, inabanduliwa kutoka kwenye misuli mpaka karibu na mbavu, misuli inavutwa katikati na kushonwa, ngozi inavutwa chini kama shuka la kitanda, inayozidi inakatwa, kitovu kinatobolewa tundu jipya. Saa mbili mpaka nne, kwa nusu kaputi mara nyingi. Kinachofanywa kwa misuli ndicho kinachobadilisha maisha, na kinachofanywa kwa ngozi ndicho kinachoonekana kwenye simu. Madhara mengi yanatokana na hicho cha pili.

Faida zipo, na ni uongo kumwambia mama huyu kwamba anatafuta urembo tu. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji rekebishi wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 200 waliokunjwa tumbo na kushonwa misuli baada ya uzazi: maumivu ya mgongo yalipungua, kuvuja mkojo kulipungua, na nafuu hiyo ilikuwepo bado miezi 6 baadaye. Hawakuwa na kundi la kulinganisha nao, kwa hiyo nayapokea kwa tahadhari. Lakini yanafanana na ninachokiona kwa wenye ngiri za kitovu tunaowashona huku: anayerudi kliniki husema mgongo umepona, na kovu hata haliulizii.

Sasa madhara. Takwimu ambayo wenzetu wa Marekani huitegemea ilitoka mwaka 2015, kwenye kumbukumbu za bima zilizokuwa na upasuaji wa tumbo wa aina hii zaidi ya 25,000. Madhara makubwa, yale yanayomrudisha mgonjwa hospitali au thieta au kumwua, yalitokea kwa watu 4 katika kila 100, ilhali upasuaji mwingine wa urembo ulikuwa kwenye 1.4. Waliounganishiwa kunyonywa mafuta na kurekebishwa sehemu nyingine za mwili kwa siku hiyo hiyo walifika 10. Unene, umri wa kuanzia miaka 55 na kuwa mwanamume viliongeza hatari. Ukisoma haraka utasema 4 katika 100 si mbaya. Lakini takwimu hiyo ilihesabu watu ambao gari la wagonjwa linafika mlangoni na daktari aliyewakata anapokea simu usiku. Ndani yake umefichwa umbali mfupi. Ukiuondoa umbali huo mfupi, madhara madogo ambayo takwimu hiyo haikuyahesabu yanahama yenyewe na kuingia kwenye makubwa.

Chukua seroma, yaani maji yanayokusanyika chini ya ngozi. Ndiyo dhara la kawaida kuliko yote katika upasuaji huu. Taarifa nyingi huiweka karibu na mtu 1 katika 10. Ngozi iliyobanduliwa imeacha mfuko mpana, mishipa midogo ya limfu imekatwa, na kila mgonjwa anapoinuka au kugeuka, ngozi inateleza juu ya misuli badala ya kugandana nayo. Mwili unajaza mfuko. Siku tatu za kwanza mrija unayavuta maji hayo kwenye chupa na kila mtu anafurahi. Tunautoa mrija pale yanapopungua chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Kisha mgonjwa anaruhusiwa, na kuanzia siku ya saba, ya kumi, ya kumi na mbili, tumbo linaanza kujaa upya upande wa chini. Ukiligonga kwa kidole upande mmoja, wimbi linapita kwenda upande wa pili. Ngozi bado ina ganzi, kwa hiyo sindano haimuumi: unaingiza, unavuta, bomba linajaa maji ya manjano yenye wekundu kidogo, unamwaga kwenye bakuli, unavuta tena. Mililita 150, siku nne baadaye 80, wiki ijayo 30, kwisha. Kazi ya dakika kumi ambayo muuguzi aliyefundishwa anaifanya vizuri.

Mweke mgonjwa huyo huyo Mabamba, jirani na mpaka wa Burundi, wakati wa masika. Siku ya kumi tumbo limejaa. Nauli ya bodaboda hadi Kibondo mjini na kurudi ni ya kutafutwa, mume yuko shamba, na nyumbani wanasema ni uvimbe wa kawaida wa kidonda. Anasubiri gulio ili apate lifti. Siku ya kumi na tano mshono unaachia sehemu moja na maji yanamwagika yenyewe. Watu wanaona nafuu, kumbe sasa mfuko umefunguka kwa nje. Siku ya ishirini ni usaha. Anafika hospitali ya wilaya ana homa na kidonda kilicho wazi upana wa kiganja, na kukifunga kidonda hicho ni miezi. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Dhara ni lile lile la mtu 1 katika 10.

Kwa sababu hiyo kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzunguka halmashauri zetu mwaka 2024 nazipenda kwa kazi nyingi, na kwa hii sizipendi. Mabingwa hukaa siku tano hivi. Ngiri, uvimbe wa kizazi, mtoto wa jicho, hayo yanaingia kwenye siku tano. Upasuaji ambao dhara lake kuu linazaliwa siku ya kumi hauingii, labda wamwachie muuguzi wa kliniki ya upasuaji maelekezo ya maandishi, mabomba, na namba ya simu inayopatikana. Kuna njia za kuupunguza mfuko wenyewe: kushona ngozi kwenye misuli kwa nyuzi nyingi za ndani kadiri unavyoteremka, na kuacha tabaka jembamba la mafuta ya chini ili mishipa ya limfu isikatwe. Njia hizo zinaongeza muda thieta na zinapunguza maji kweli kweli. Ningemhukumu daktari anayekuja kufanya kazi hii vijijini kwa swali hilo moja, kama anashona kwa ndani au anategemea mrija.

Kingo za ngozi kufa ni dhara la pili kwa usumbufu. Ngozi iliyovutwa inategemea damu inayotoka mbali, pembeni, na sehemu iliyo mbali kuliko zote ni katikati, juu kidogo ya mshono. Huko ndiko rangi inakobadilika kuwa ya zambarau, kisha nyeusi. Mvutaji wa sigara yumo hatarini zaidi. Huku wanawake wanaovuta sigara ni wachache, ila wapo wazee wanaovuta kiko, na wanaotafuna tumbaku hawajioni kuwa wavutaji mpaka uwaulize kwa jina. Mwenye kovu la zamani chini ya mbavu naye damu yake imeshakatwa njia. Kitovu kina hatari yake ya pekee. Kinabaki hai kwa shina fupi linalotoka kwenye misuli, na mama zetu wengi wana ngiri hapo hapo kwenye shina. Ukishona ngiri na kuvuta ngozi kwa siku moja, unaweza kulikata shina hilo lote na kitovu kikaoza. Halafu kovu: ngozi yetu inapenda kuota kelodi, na kovu la nyonga hadi nyonga ni refu. Mwenye kelodi sikioni alipotogwa ameshatoa jibu lake kabla hajauliza.

Kigoma ina haki ya kujibu hoja hizi kwa kiburi kidogo, kwa sababu imewahi kuwakosoa wataalamu. Dokta Godfrey Mbaruku alipokuwa hapa katika miaka ya 1980 alikuta vifo vya akina mama katika hospitali ya mkoa, Maweni, vikiwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000; kati ya 1984 na 1991 vilishuka hadi 186, kwa hatua nyingi ndogo kama kuhakikisha damu ipo, dawa zipo, vyombo vinatengenezwa na watumishi wanajadili kila kifo. Miaka mingi baadaye yeye na wenzake walipitia upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000 katika hospitali za Mwanza na Kigoma, wakachapisha mwaka 2009 kwamba madaktari wasaidizi, wale ambao nchi ilianza kuwafundisha mwaka 1963 na ambao ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye digrii. Kisha ukaja mradi wa kupunguza vifo vya uzazi ulioanza 2006 kwa fedha za shirika la hisani la Bloomberg na kupandisha vituo vya afya vya vijijini viweze kufanya upasuaji. Vifo vya akina mama katika vituo vya mkoa mzima vilishuka toka 303 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2011 hadi 174 mwaka 2018. Mtu asiniambie basi kwamba mikono ya huku haiwezi. Inaweza.

Lakini upasuaji wa uzazi una kitu ambacho huu hauna. Mama aliyepasuliwa kwa uzazi anarudi na mtoto: kliniki ya siku ya saba, ya siku ya ishirini na nane, kadi ya chanjo. Mtoto ndiye anayemrudisha mama mbele ya muuguzi. Aliyekunjwa tumbo harudishwi na chochote isipokuwa nauli yake. Na kuna suala la meza. Hospitali ya wilaya ina thieta moja inayofanya kazi kwa uhakika, na mtoa usingizi mmoja au wawili. Saa tatu za kukunja ngozi ni saa tatu ambazo mama wa Nyakitonto aliyekwama uzazi atakuta mlango umefungwa. Hapo sitafuti maelewano na mtu. Ngozi isikatwe kwenye thieta ya wilaya, si Kasulu wala Kibondo, hata kama bingwa yupo na mgonjwa ana fedha mkononi.

Ngiri ni habari nyingine. Mama mwenye ngiri ya kitovu au ya kovu inayomsumbua, mwenye misuli iliyoachana vidole vinne na mkojo unaomtoka, huyo ana ugonjwa, na ashonwe. Ngiri ndogo hapa hapa. Kubwa Maweni, au Bugando kule Mwanza. Bila kubandua ngozi, mfuko wa maji haupo au ni mdogo, na siku ya kumi inapita kimya. Wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo haupaswi kuwa anasa: Uganda, katika wilaya ya Kamuli, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waliwekewa ama wavu wa kiwandani wa bei kubwa au kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, na mwaka ulipoisha ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu katika wote, wa upande wa chandarua. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Ni ngiri ya kinena, si ya tumbo, na kitambaa kilitakaswa kwa utaratibu maalumu. Msomaji asije na chandarua cha kitandani, maana wapo waliokwisha kuniuliza.

Swali ninalomuuliza kila mmoja kabla ya hayo yote ni kama amemaliza kuzaa, na hapo mazungumzo hubadilika sauti. Mara nyingi jibu si lake peke yake. Mimba baada ya kushonwa misuli kwa kawaida haimdhuru mama wala mtoto, ila kazi yote inaweza kufumuka. Sioni maana ya kumshona mwanamke ambaye mumewe anasubiri mtoto wa kumi. Kijiti cha uzazi wa mpango au kufunga kizazi kwa hiari yake kutalisaidia tumbo hilo kuliko uzi wangu, na kijiti kinapatikana kituo cha afya.

Nirudi kwa aliyeshaamua kwenda Dar, kwa sababu wapo na wataongezeka. Dhara linaloua katika upasuaji huu ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kipande kukimbilia mapafuni. Tumbo limekazwa, mgonjwa anatembea ameinama, hapumui kwa kina, miguu haifanyi kazi. Kati ya upasuaji wa urembo, huu ndio unaoongoza kwa hilo. Hatari haiishii siku ya kutoka wodini, inaendelea kwa wiki kadhaa. Na sisi tunamchukua mtu huyo tunamkalisha kwenye kiti cha basi zaidi ya kilomita 1,100, magoti yamebana, hanywi maji asije akahitaji kuchimba dawa njiani, maana kuchuchumaa kunamuuma. Safari ya zaidi ya saa nne inaongeza hatari hata kwa mzima. Lami ya kuja huku imefupisha safari, haijaifanya ya saa nne.

Kwa hiyo jibu langu la swali la basi ni hili. Akae Dar kwa ndugu wiki tatu, zikipungua sana ziwe mbili, ili siku ya kumi imkute huko kwa aliyemkata. Kama hana ndugu wa kukaa naye kiasi hicho, asiende. Aulize mapema atachomwa sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku ngapi, na aondoke nazo kama bado zinaendelea. Adai karatasi yenye maelezo ya kilichofanyika: misuli ilishonwa au la, mrija ulitoka lini, wavu uliwekwa au la, dawa gani, namba gani ya kupiga. Tunapokea wagonjwa wenye picha nzuri na hawana karatasi, tunabaki kubahatisha kilichopo chini ya ngozi. Njiani avae soksi za kubana, anywe maji, na ashuke kila basi linaposimama, Morogoro, Dodoma, Singida, hata kama kondakta anapiga kelele. Akifika, apite hospitali ya wilaya ajiandikishe kliniki ya upasuaji kabla hajaumwa. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, au pumzi ikikata ghafla, aje usiku huo huo, asisubiri gulio.